Kutoka Subuiga hadi Makutano kwa Miguu

Ukishuka kwenye matatu pale Subuiga saa moja ya asubuhi, utingo atakutazama mara mbili. Barabara itokayo Nanyuki inagawanyika hapo: tawi moja linateremka Isiolo, la pili linaelekea Meru, na yeye anajua kwamba abiria wa kawaida hushuka hapo ili abadilishe gari. Mwambie kwamba hungoji gari lolote, kwamba wakusudia kwenda Makutano kwa miguu, naye atakuuliza kama nauli imekwisha. Mimi niliulizwa hivyo hivyo. Nikajibu kwamba nauli ninayo. Akaufunga mlango huku akicheka, akamwambia dereva neno ambalo sikulisikia, na kiti kizima cha nyuma kikageuka kunitazama.

Huo ndio mlima wa kwanza utakaoupanda, msomaji, na ni mrefu kuliko Kirimara. Huko Hispania watu hutembea kwa majuma kadhaa kufika kanisa la Santiago de Compostela, tena wanapokewa kwa heshima kila kituo na kupewa pa kulala. Kwetu sisi, mtu mzima akionekana na mkoba mgongoni kando ya lami, magari yakimpita, huhesabiwa kuwa amefukuzwa kazi ama ana wazimu kidogo. Jizoeze kusalimu kwanza. Huku Meru utasema "Muga!" nao watakujibu "Muga!", na ukishasalimu wewe si mwendawazimu tena, ni mpita njia.

Makutano ninayoitaja hapa ni ile ya mji wa Meru, mahali barabara ya Nanyuki inapokutana na ile ya Maua, juu kidogo ya katikati ya mji. Nalieleza hili kwa sababu Kenya imejaa Makutano. Iko ile ya njia panda ya Embu, upande wa Mwea, ambayo kila mwanafunzi anayesafiri kwenda shule za Mlima Kenya ameila mahindi yake ya kuchoma. Iko nyingine Kapenguria. Ukimwambia utingo "Makutano" bila kuongeza neno, waweza kuamkia usikokujua.

Kutoka Subuiga hadi huko ni zaidi ya kilomita 25. Si haba, lakini mtu mwenye afya ataimaliza kwa siku moja bila kukimbia, kwa maana njia kwa jumla inateremka. Usidanganyike na neno hilo, kuteremka. Kupanda kunamaliza pumzi, na pumzi hurudi ukikaa chini ya mti. Kuteremka kunamaliza magoti na vidole vya miguu, navyo havirudi mpaka kesho kutwa.

Saa moja na nusu Subuiga ni baridi ya kukata maskio. Uko juu, zaidi ya mita 2,000, na upepo unatoka moja kwa moja mlimani ukipita juu ya mashamba ya ngano. Vaa sweta. Ukigeukia kusini utaiona Kirimara, kama Wameru wanavyouita Mlima Kenya, imesimama wazi kabla mawingu hayajaamka: Batian yenye mita 5,199, na Nelion ubavuni mwake kama pacha aliyezaliwa nyuma. Ukigeukia kaskazini, nchi inaanguka. Nyasi zinaisha, rangi ya kijani inageuka kahawia, na mbali kabisa unaona tambarare ya Isiolo na vilima vya Samburu vikielea ndani ya ukungu. Mahali pachache nchini utasimama ukaona theluji kwa jicho moja na jangwa kwa jicho la pili. Nilisimama pale robo saa nzima, nikasahau kwamba nilikuwa na safari.

Kabla ya Subuiga, ukiwa bado ndani ya matatu, umepita juu ya kitu ambacho pengine hukukitambua. Chini ya barabara kuu ya Nanyuki na Meru kuna njia ya ndovu. Ni sehemu ya ushoroba wa kilomita 14, uliozungushiwa ua pande zote mbili, unaounganisha msitu wa Mlima Kenya na msitu wa Ngare Ndare pamoja na hifadhi ya Lewa. Kazi ilikamilika mwishoni mwa mwaka 2010, na mapema mwaka 2011 ndovu walikuwa wameshaanza kupita chini ya magari, wenyewe, bila kufundishwa na mtu. Mwaka 2013 Lewa na Ngare Ndare zikaongezwa katika eneo la Mlima Kenya ambalo UNESCO ililitambua kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1997. Ni jambo la kujivunia, nami sina kinyongo na ndovu. Ila nilipokuwa nikitembea kwenye majani kando ya lami, nikiruka mtaroni kila lori lilipotokea, nilikumbuka kwamba mnyama yule amejengewa njia yake ya miguu nami nimeachiwa mtaro. Katika nchi hii zaidi ya theluthi moja ya wanaouawa na magari ni watu waliokuwa wakitembea. Kwa hiyo tembea upande wa kulia, uyatazame magari yanayokujia usoni, na usitie muziki maskioni.

Saa tatu hadi saa sita sina mengi ya kusimulia. Ni ngano, kisha viazi, kisha viazi tena. Watoto watakufuata kidogo, watachoka, watarudi. Vilima vya Nyambene vitajitokeza mbele yako upande wa mashariki, vyeusi vyeusi, na utavitumia kama saa: vikikaribia, umetembea. Magari ya miraa yanajulikana kwa mlio wake kabla hujayaona, nawe usisubiri kuyaona.

Pale Kirua nilikunywa chai. Hapa ni nchi ya viazi hasa, na asubuhi ya kazi utawakuta vijana wakishona magunia yaliyojaa kupita kiasi, yenye kilemba cha neti juu, wakiyapandisha kwenye malori ya Nairobi. Chai ilikuwa ya maziwa matupu na chapati ilikuwa kubwa kuliko sahani. Mwenye hoteli aliniuliza niendako, nami nikajibu kwa majivuno kidogo kwamba natoka Subuiga na nitalala Meru, kwa miguu, peke yangu. Akanipangusia meza.

"Peke yako mpaka msituni," akasema.

Sikumwelewa, na kwa kuwa sikutaka kuonekana mgeni, sikuuliza. Jambo jingine ambalo sikulisema ni kwamba kisigino cha kulia kilikuwa kimeanza kuwaka moto. Viatu vyangu vilikuwa vipya. Msomaji, ukisahau yote niliyoandika humu, likumbuke hili moja: kiatu kipya ni cha kwenda harusini.

Kutoka Kirua hewa inabadilika. Baridi kavu ya Subuiga inakuwa baridi yenye maji, migomba inaanza kuonekana, na udongo unageuka mwekundu. Kisha unauona msitu wa Imenti umekaa mbele yako kama ukuta, na barabara inaingia ndani yake bila kubisha hodi.

Hapo ukingoni, chini ya mti, palikuwa na watu wamekaa. Mzee mmoja na mbuzi wawili. Mama wa makamo mwenye kikapu, na chupa ya uji iliyofungwa kwa leso. Wavulana wawili waliovaa sare za shule, wakiwa na sanduku la bati baina yao. Nikawasalimu, nikapita. Nilidhani wanangoja matatu.

"Wewe wa mkoba!" mzee akaita. "Unamkimbilia nani?"

Nikarudi. Akanieleza polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto hesabu, kwamba hapo watu husubiriana. Mtu haingii msituni peke yake alasiri. Ndovu wa Imenti huvuka barabara jua likipungua nguvu, wengine wakielekea upande wa ziwa Nkunga, lile ziwa la volkeno lililojificha miongoni mwa miti ambalo wazee wa Meru waliliheshimu kama mahali patakatifu. Watu wakifika watano au sita, wanaondoka pamoja. Walikuwa wanne, na mimi nilikuwa wa tano. Saa yangu ilisema saa tisa na nusu.

"Sasa tunaondoka?" nikauliza.

"Sasa tunakutazama mguu," akasema yule mama. Alikuwa ameniona nikichechemea tangu mbali.

Nilivua kiatu kwa aibu. Lengelenge lilikuwa limekwisha kupasuka. Mama akachana utepe kwenye ukingo wa leso yake kuukuu, akaukunja mara mbili, akaniwekea kisiginoni, akaniambia nivae soksi juu yake na nisifunge kamba ya kiatu sana. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa akala, zile kandambili za mpira wa gari, na alikuwa ametoka mbali kuliko mimi. Nilipomuuliza aendako alijibu kwamba binti yake amejifungua usiku uliopita katika hospitali ya mjini, mtoto wa kwanza, mjukuu wake wa kwanza, naye anampelekea uji. Nauli aliyokuwa nayo ilikuwa ya kumrudisha mwana na mama yake nyumbani. Haikuwa ya kumpeleka yeye. Alilisema hilo bila kulalamika, kama unavyosema leo ni Alhamisi. Wageni wa wagonjwa walitakiwa kuwa wameingia kabla ya saa kumi na mbili.

Wale wavulana walikuwa wamerudishwa nyumbani kutafuta karo, nao wakawa wanarudi shuleni na nusu yake. Mzee alikuwa anapeleka mbuzi sokoni. Nilitazama viatu vyangu vya bei, nikayanyamazia niliyojigamba Kirua.

Tukaingia saa kumi kasoro. Kuna mpangilio, nawe utaufuata kama nilivyoufuata mimi. Mzee hutangulia, kwa kuwa mwendo wa kundi ni mwendo wa mkubwa wao. Wenye mizigo hukaa katikati. Vijana huwa nyuma. Na watu huzungumza kwa sauti, wakati wote, kwa maana ndovu akisikia watu mapema hujiondoa, bali akishtushwa hukasirika. Basi mzee alizungumza. Alisema kwa sauti ya mtu anayehutubia baraza, huku mbuzi wake wakimfuata, na alichokisimulia ni safari ya Wameru kutoka Mbwaa.

Watoto wa mjini huenda hamjaisikia. Wazee wa Meru husimulia kwamba asili yao ni kisiwa kiitwacho Mbwaa, upande wa pwani, na wako watafiti wanaokidhani kuwa Manda, karibu na Lamu. Huko walikuwa watumwa wa Nguo Ntune, watu wa nguo nyekundu. Mabwana hao waliwapa kazi zisizowezekana. Walitaka ndara yenye manyoya juu na chini. Wameru wakakata ngozi ining'iniayo shingoni mwa fahali, ambayo ina manyoya pande zote mbili, wakawapelekea. Wakataka mbwa mwenye pembe. Wakamgandisha mbwa pembe za swala mdogo. Mwishowe wakatakiwa kuleta mkuki unaofika mbinguni, na kiongozi wao, Koomenjoe, akajua kwamba hiyo haina hila. Wakaondoka usiku. Walipofika majini maji yakagawanyika, na wakavuka kwa makundi: waliovuka gizani wakaitwa Weusi, waliovuka kukipambazuka wakaitwa Wekundu, waliovuka mchana wakaitwa Weupe. Koo za Meru zinajigawa hivyo mpaka leo. Kisha wakatembea, miaka na miaka, mpaka kwenye mlima huu.

"Kwa miguu?" mvulana mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Ulitaka wapande nini?" mzee akajibu, na wote tukacheka kwa sauti, jambo ambalo nalo lilikuwa sehemu ya ulinzi.

Nikamwambia kwamba hata Mzungu wa kwanza kutawala Meru, E. B. Horne, aliyelianzisha boma la serikali mwaka 1908, alikuwa akitembea sana, na wenyeji wakampa jina la Kangangi, yaani mzururaji mdogo. Mzee alilijua jina hilo. Akasema basi nami nimeshapata jina, na wale wavulana wakaniita Kangangi mpaka mwisho wa safari.

Ni msitu mzuri, tusiusahau kwa hofu. Iko sehemu ya miti ya kupandwa, imepangwa kama wanafunzi gwarideni, na iko sehemu ya miti ya asili, mikubwa, yenye ndevu za kuvu. Mwaka 1999 msitu huu ulipigwa picha ya aibu: Shirika la Wanyamapori, KWS, lilipouchunguza Mlima Kenya, Imenti na Ngare Ndare kutoka angani lilikuta ukataji wa magogo, tanuri za makaa na mashamba ya bangi. Mwaka uliofuata serikali ikaukabidhi msitu wa Mlima Kenya kwa shirika hilo. Ukitembea ndani yake leo utaona visiki vya enzi hizo, vimeota kuvu, na miche iliyokwisha kuwa miti.

Kama saa kumi na nusu mzee alinyamaza. Hilo lilikuwa tangazo tosha. Akainua mkono. Mbele yetu, hatua mia mbili hivi, kinyesi kilikuwa katikati ya lami, bado kikitoa mvuke, na upande wa kushoto tawi lilivunjika kwa mlio kama wa bunduki. Hatukuona kitu. Tulirudi nyuma polepole, bila kukimbia, mbuzi wakishikwa midomo. Tukasimama.

Msomaji, kungoja ndovu kuna urefu wake. Nilitazama saa kila dakika tano. Mama hakuwa na saa, alikuwa akitazama jua. Pikapu ikaja kutoka nyuma yetu, imejaa viazi, dereva akazima injini bila kuambiwa, akangoja nasi. Kisha wakatoka. Walikuwa saba, mmoja mdogo ametembea katikati ya miguu ya wengine, na walivuka barabara kama watu wanaovuka sebule yao, bila hata kugeuza kichwa. Ilikuwa saa kumi na moja na robo majani yalipotulia.

Dereva akawasha gari. Alikuwa na nafasi moja tu, ya mbele. Akanitazama mimi, kwa sababu nilikuwa na mkoba na viatu, na dereva anajua mwenye nauli.

"Panda, twende," akaniambia.

Ningependa kukuandikia kwamba sikusita. Nilisita. Kisigino kilikuwa kimelowa damu ndani ya leso ya mwenyewe, zilibaki kilomita zisizopungua tano au sita, na mkono wangu ulikuwa tayari kwenye mlango. Hakuna aliyesema neno, hata mzee. Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kugeuka kuendelea na safari, na kikapu chake. Nilipoona mgongo wake ndipo nilipomwita. Nikalipa nauli, akapanda, akaipakata chupa ya uji kama tayari ni mtoto mwenyewe, nao wakaondoka.

Hizo kilomita za mwisho nilizitembea na mzee, wavulana wawili na mbuzi wawili. Mvulana mkubwa aliubeba mkoba wangu, nami nikashika upande mmoja wa sanduku la bati, ambalo ni mpango nisiouelewa hata sasa, kwani sanduku lilikuwa zito zaidi. Giza liliingia tukiwa bado miongoni mwa miti. Tukaimba nyimbo za shule, mzee akiitikia pasipo kuyajua maneno. Kisha miti ikaisha ghafla, tukaona taa.

Makutano jioni ni taa za vibanda, moshi wa mahindi, bodaboda, na utingo wakiita Maua, Nkubu, Isiolo, kila mmoja kana kwamba kwake ndiko peponi. Nilikaa kwenye kiti cha mbao cha muuza chai, nikavua kiatu mbele ya watu wote. Mzee alifunga mbuzi wake kwenye nguzo, akatuhesabu kwa kidole: mmoja, wawili, watatu, na yeye wa nne. Hakuridhika. Akavuka barabara mpaka kwenye kituo cha pikapu, nikamwona akiuliza mmoja, akiuliza wa pili, akionyesha kwa mikono ukubwa wa kikapu.

Alirudi chai yake ikiwa imepoa.

"Alishushwa langoni," akasema. "Saa kumi na mbili kasoro kidogo."

Akakaa, akaomba sukari nyingine. Wavulana walikuwa wameshaanza kubishana ni nani atashika upande wa kushoto wa sanduku mpaka shuleni.